Kiinua Mgongo

Miaka ishirini na mitatu mume wangu aliwapikia wengine
kambakoche, kule Nyali, nyuma ya mlango usio na jina.
Nilimjua kwa harufu kabla ya hodi:
siagi, ndimu, na jasho la mtu aliyesimama tangu alfajiri.
Hapa Likoni tulikula muhogo na dagaa.
Niliuliza mara moja tu, tukiwa bado vijana,
"Mwatsahu, hivi mdudu huyo ana ladha gani?"
Akafikiri sana.
"Sijui. Mimi huonja chumvi tu."

Juzi hoteli imefungwa. Wamempa bahasha,
juu wameandika *kiinua mgongo*,
na mgongo wenyewe wanauona, umepinda kama kulabu.
Akapita kwa wavuvi kabla ya kufika kwangu,
akaingia na kitu kinachokwaruza ndani ya ndoo:
kijani cha chupa, madoa ya samawati,
sharubu ndefu kuliko za marehemu babangu.

Bi Mwanakombo akachungulia dirishani.
"Hizo si pesa za paa?"
"Ndizo," nikamjibu. "Paa lenyewe hilo, linatembea."

Nikateka maji, nikakuna nazi mbili.
Kupika najua. Kitu cha baharini
hupigwa, hutokoswa, mpaka kisalimu amri;
muulize pweza.
Akanishika mkono. "Huyu si pweza.
Huyu ukimchelewesha anakuwa kandambili."

Akamlaza kwanza kwenye barafu ya jirani
apitiwe na usingizi, asiyajue maji.
"Mimi hawakunilaza," akasema,
akaendelea kutafuta kisu.
Akachonga kijiti, akampitishia chini ya mkia,
akamfunga kwa uzi wangu wa kushonea.
"Moto humkunja. Akijikunja, nyama hukaza."
Basi na yeye akapata kiinua mgongo!
Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Mwatsahu alichelewa kucheka,
lakini alicheka.

Saa ya ukutani haina betri, zimekwenda kwenye rimoti.
Saa yetu ni feri.
Ilipopiga honi kuondoka upande wetu
akamtumbukiza, chumvi kiganja kizima,
maji yakanyamaza, kisha yakaanza tena.
Mimi dirishani, nikihesabu kwa macho:
malori ya saruji, wanafunzi, mkokoteni wa machungwa.

"Mtoe," akasema.
"Bado," nikasema, maana mimi siku zote husema bado:
wali bado, kodi bado, mtoto wa pili bado.
Feri ilikuwa ingali katikati, haijagusa kisiwa.
"Mtoe, Mwanasiti. Huyu hutolewa
roho ikiwa bado inasema mwache."

Nikamtoa. Mwekundu, amenyooka kama askari wa gwaride.
Akampasua kwa urefu, akamlaza juu ya makaa
yaliyokwisha hasira,
tui zito likaja mwisho, lisichemke,
kitunguu saumu, pilipili moja, ndimu.

Tukala kwa mikono kwenye sinia la harusi yetu.
Nyama iliachana na gamba bila ugomvi.
Nilitafuta cha kuilinganisha nayo, si kuku, si changu,
si embe, nikaacha kutafuta.
Yeye alikula polepole, macho chini,
kama tarishi aliyepeleka barua za watu maisha yake yote
na leo amekabidhiwa yake.
"Kumbe ni tamu," akasema.
Kisha tena, kwa sauti ndogo, "Kumbe."

Kijiti nilikiosha. Kipo dirishani, uzi wake bado.
Usiku mvua ikanyesha, paa likavuja palepale.
Nikaamka gizani, nikatega ndoo ileile.
Ilinuka bahari.